Mara Tisa Msalani

Siku nyumba ile ilipopata akili, watu waliokuwa wakiishi ndani yake walishushwa cheo siku hiyohiyo. Hakuna aliyewaambia. Waligundua wenyewe polepole, kama mfanyakazi anayefika asubuhi na kukuta meza yake imekaliwa na mtu mwingine.

Aliyeileta akili hiyo ni Meneja. Jina hilo alilipata zamani, alipokaimu umeneja wa ghala kwa siku kumi na moja, bosi wake alipokwenda kutibiwa meno. Bosi alirudi na meno mapya, yeye akarudi kwenye meza yake ya zamani, lakini jina lilikataa kurudi. Alikuwa mtoto wa kwanza, aliishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na alimpenda mama yake kama wapendavyo watu walio mbali: kwa nguvu, kwa simu na kwa maelekezo.

Safari hii alishuka kwenye basi na boksi kubwa kuliko begi lake la nguo. Juu ya boksi palichapwa picha ya familia inayocheka bila sababu, na chini yake maneno mawili: Nyumba Janja. Dada yake alimsaidia kulibeba. Huyu alikuwa mshonaji, na ndiye aliyeishi na mama yao. Chumba cha mbele kiliitwa sebule kwa heshima tu. Cherehani ilikaa dirishani, sare za shule zilizokatwa zililala kwenye kochi, na mgeni aliyetaka kukaa ilibidi aangalie kwanza kama hakuna pini.

Mama yao mtaani aliitwa Mkunga, ingawa alikuwa amestaafu. Nusu ya mtaa ilipokelewa na mikono yake. Wanaume wazima wenye vitambi na magari walimwamkia kwa adabu ya pekee, kwa sababu aliwahi kuwaona hawana nguo wala meno. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango, miguu juu ya stuli, akimtazama mwanawe akitoboa kuta.

"Hicho nini?" aliuliza.

"Ni jicho, Mama. Linaona mtu akipita kwenye ukumbi."

"Mimi pia naona mtu akipita kwenye ukumbi."

"Hili linanipa taarifa mimi kule niliko."

"Ungeniuliza ningekupa."

Meneja alicheka kidogo, kama mtu anavyomcheka mtoto, akaendelea kutoboa. Jicho la kwanza alilipachika ukumbini, katikati ya chumba cha Mkunga na choo, na mengine mlango wa mbele na kwenye jokofu. Kamera ikakaa sebuleni, ikikitazama kile kiti cha mbao. Juu ya kabati ikawekwa spika yenye sauti ya mwanamke mchangamfu ambaye, kwa jinsi alivyoongea, hajawahi kuumwa hata kichwa. Mwisho kabisa akatoa kisanduku cha dawa chenye vifuniko saba, kimoja kwa kila siku. Saa mbili asubuhi kilikuwa kikilia. Mtu akifungua kifuniko, taarifa inaruka hadi kwenye simu ya Meneja kwamba dawa imenywewa.

"Kila kitu hapa kinategemea waifai," Meneja alieleza, akiinua kidude chenye taa za kijani.

"Wifi ninayemjua mimi hajakanyaga hapa mwaka wa tatu," alisema mshonaji. "Huyu wako anakula nini?"

"Umeme na bando."

"Afadhali. Yule mwingine alilalamikia godoro."

Meneja hakucheka, maana yule mwingine ndiye aliyelichagua boksi.

Kwa miaka minne mshonaji alikuwa akimpa mama yake dawa kila asubuhi. Vidonge vinne kiganjani, glasi ya maji, kisha anasimama hapo hapo mpaka vimezwe, na Mkunga anafungua mdomo kuonyesha. Mkunga mwenyewe ndiye aliyeweka utaratibu huo. Alisema kazini aliwahi kukuta vidonge vimefichwa shavuni, chini ya ulimi, na mara moja ndani ya nywele.

"Kuanzia kesho usishike dawa, Dada," Meneja alisema. "Wiki ikianza, jaza kisanduku, basi. Binadamu husahau. Kisanduku hakisahau."

Mshonaji hakuwa amesahau hata siku moja katika hiyo miaka minne. Alikitazama kisanduku, akamtazama kaka yake, akasema, "Sawa." Aliisema ile sawa ambayo mwanamke huisema anapofunga mlango wa moyo na kutia komeo. Meneja aliihesabu kama makubaliano. Kesho yake alipanda basi akaondoka.

Taarifa ya kwanza ilifika saa mbili usiku, kwenye kundi la simu ambalo Meneja alilifungua na kulipa jina Afya ya Mama. Walikuwemo watu kumi na wanne: Baba Mdogo, mabinamu, wakwe, na bwana mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka aliingiaje.

"Dawa: imenywewa. Mlango wa mbele: mara kumi na saba. Jokofu: mara sita. Msalani: mara tisa. Hali kwa jumla: nzuri."

Baba Mdogo aliipongeza teknolojia. Binamu mmoja akauliza kama mara tisa si nyingi. Wifi akashauri Mama asipewe chai jioni. Binamu wa pili akasema hicho ni kibofu, na kwamba anamfahamu mtu mwenye dawa yake. Yule bwana asiyejulikana alituma picha ya maua.

Asubuhi Baba Mdogo alipiga simu, na Mkunga akapokea mwenyewe.

"Shemeji, pole. Nasikia maji yanakusumbua."

"Maji gani?"

"Haya ya kwenda haja. Tumeona jana, mara tisa."

Mkunga alimshukuru kwa kumjali, akakata simu, akaiweka chini taratibu kama yai.

"Wako wangapi humo?" alimuuliza binti yake.

"Kumi na wanne, Mama."

"Wanaume?"

Mshonaji alihesabu. "Wanane."

"Wanane," Mkunga alirudia. "Niliishi na baba yenu miaka thelathini na tatu, hakuwahi kujua naenda mara ngapi."

Sababu ya hizo mara tisa haikuwa kibofu. Katika vile vidonge vinne, kimoja kidogo cheupe kilikuwa na kazi ya kutoa maji mwilini, maana moyo wa Mkunga ulikuwa umechoka na maji yalipenda kujikusanya miguuni na kupanda kifuani. Akikimeza asubuhi, mpaka mchana alikuwa safarini. Mshonaji alijua hivyo, Mkunga alijua zaidi, na Meneja angejua kama angeuliza. Jioni ile Mkunga alimpigia mwanawe na kumwomba aliondoe jicho la ukumbini.

"Mama, hizo ni takwimu tu," Meneja alisema kwa upole. "Hakuna aibu kwenye takwimu. Wenzako wangelipa hela kupata huduma hii."

"Basi wapelekee hao."

"Mama jamani. Nikiona umepita, najua uko hai. Hilo tu."

Mkunga akakata simu. Hakuomba tena.

Wiki ya pili alikuja mwalimu mkuu. Alitaka gauni la sherehe ya kuagwa kwake, na kama lingempendeza, alikuwa na oda ya sare za michezo za shule nzima. Kwa mshonaji, oda ile ilikuwa bili ya umeme, kiatu cha mtoto wake aliyekuwa bweni, na heshima ya kuitwa fundi wa shule. Alimweka katikati ya sebule, akafunga pazia, na mwalimu mkuu akavua gauni lake akabaki na gagulo, mikono juu, akipimwa kifua.

"Dada," kabati likasema kwa sauti nzito ya kiume. "Huyo mama aliyesimama anakiziba kiti cha Mama. Asogee kushoto."

Mwalimu mkuu hakusogea kushoto. Alishusha mikono polepole.

"Nani huyo?"

"Ni kaka yangu," mshonaji alisema, futi ikiwa shingoni.

"Yuko wapi?"

"Mji mwingine."

"Na ananiona?"

Mshonaji alitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli bila kuwa baya. "Kidogo," alisema.

Mwalimu mkuu alivaa gauni lake mbele nyuma, akachukua mkoba, akatoka hivyo hivyo hadi barabarani, mtu mzima ambaye wanafunzi mia sita waliogopa hata kikohozi chake. Oda ya sare za michezo ilimfuata. Meneja aliomba radhi kupitia kabati. Alisema hakuangalia chochote, yeye macho yake yalikuwa kwenye kiti.

Mshonaji aliifunika kamera kwa kitambaa. Dakika moja baadaye simu kumi na nne katika miji mitano zililia: "Kamera imezibwa. Huenda kuna tukio nyumbani." Baba Mdogo akauliza kama aite polisi. Mshonaji akaondoa kitambaa, na tangu siku hiyo wateja wake wakawa wanapimwa chumbani kwake, kati ya kitanda na ndoo ya nguo chafu. Waliobaki.

Taarifa zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa nzuri tangu wiki ya kwanza. Dawa: asilimia mia. Msalani: mara sita. Siku chache baadaye, mara nne. Kisha mara tatu, na hapo zikatulia. Meneja alituma mchoro wenye mstari unaoshuka vizuri kama ngazi, akaandika chini yake: "Maendeleo makubwa. Mfumo unafanya kazi." Watu walipiga makofi ya kwenye simu. Binamu mwenye dawa ya kibofu alijipongeza, ingawa dawa yake haikuwahi kufika.

Mkunga naye alionekana ameyakubali mambo. Kisanduku kikilia alikuwa wa kwanza kukifungua, na spika ikimshukuru kwa sauti yake ya furaha, aliiitikia, "Karibu mwanangu." Mshonaji alisikia hayo akiwa kwenye cherehani na hakuinua kichwa. Kazi ya dawa haikuwa yake tena. Alikuwa ameambiwa hivyo, na alitaka aliyemwambia aonje utamu wa kuachiwa.

Siku moja mama yake aliomba zile ndala pana. Mshonaji akamletea.

"Zile nyingine zimefanya nini?"

"Zinabana. Joto hili."

Hakukuwa na joto la kubana ndala. Mshonaji aliinama, akabonyeza mguu wa mama yake kwa kidole juu ya kifundo, na shimo likabaki kwenye ngozi. Alilitazama. Kwa miaka minne shimo kama hilo lilimfanya avae viatu na kwenda kumtafuta daktari siku hiyohiyo.

"Dawa unakunywa, Mama?"

"Si unasikia ninavyoshukuriwa."

Mshonaji akachukua simu, akafungua mchoro. Kijani kutoka juu mpaka chini. Kwenye cherehani kulikuwa na sare ishirini na mbili za kumalizia kabla ya Ijumaa. Akajiambia mfumo unaona kuliko yeye. Ndani yake kulikuwa na sauti ndogo, chungu kidogo, iliyosema pia: na kama hauoni, ajue mwenyewe aliyeununua. Akarudi kushona. Sauti hiyo aliikumbuka baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Ilikuwa saa tisa alasiri, siku tano baadaye. Mshonaji alikuwa anatia pindo la sketi alipotambua kwamba mama yake, aliyekuwa akimsimulia kuhusu muuguzi fulani aliyewahi kumchoma mgonjwa sindano ya maji matupu, amenyamaza katikati. Aligeuka. Mkunga alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, akivuta hewa kama mtu anayenyonya kupitia kitambaa. Midomo ilikuwa na rangi isiyo yake.

"Dada," kabati likasema. "Leo Mama amekaa sana. Mtembeze kidogo, daktari wa kwenye programu anasema wazee watembee."

"Hapumui."

"Unasemaje? Mtandao wako unakatika."

"Nasema mama yako hapumui. Wewe si unamwona?"

Mtu wa mbali alikuwa anatazama picha ya mama yake amekaa kwenye kiti, na picha haikuwa na kosa lolote.

"Mimi naona amekaa," Meneja alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya meneja.

Mshonaji hakumsubiri. Alimwita jirani mwenye duka la vifaa, wakampakia Mkunga kwenye gari la kubebea saruji, kichwa cha mama kwenye mapaja ya binti. Nyuma yao, kwenye nyumba tupu, spika ilisoma taarifa ya mchana. Hali kwa jumla ilikuwa nzuri.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimwekea Mkunga hewa ya oksijeni puani, akamchoma sindano, akasikiliza kifua mbele na nyuma. Kisha akamvuta mshonaji pembeni, kwenye meza iliyokuwa na mafaili na kikombe kisicho na mkono.

"Kifua kimejaa maji. Dawa anakunywa?"

Simu ya mshonaji ilikuwa mkononi, wazi, na ndani yake alikuwemo Meneja, ambaye wakati huo alikuwa kituo cha basi akitafuta tiketi.

"Anakunywa, Daktari," simu ilisema. "Asilimia mia. Nina ushahidi. Nakutumia sasa hivi."

Michoro ikaingia. Daktari aliipitisha kwa kidole, nyusi juu. Huenda hakuwahi kuona mgonjwa mwenye nyaraka nzuri hivyo.

"Haya ni mazuri sana," alisema. "Basi tatizo ni dawa. Kama anakunywa zote na bado amejaa hivi, kidonge cha kutoa maji kimeshindwa. Itabidi nimwandikie kingine chenye nguvu zaidi, na dozi mara mbili. Ni dawa kali. Mtu asiyeihitaji inamkausha, anaanguka. Lakini kwa rekodi hizi sina namna."

"Fuata takwimu, Daktari," simu ilisema. "Mfumo haudanganyi."

Daktari akaanza kuandika. Mshonaji alikuwa anaangalia mchoro kwa juujuu, kinyumenyume kutoka upande wake wa meza. Ule wa dawa ulikuwa kijani kitupu. Ule wa pili ulikuwa na mstari unaoshuka. Tisa. Sita. Nne. Tatu. Alikuwa ameuona mara nyingi kwenye kundi, pamoja na makofi yake, lakini hakuwahi kuuona akiwa na neno la daktari masikioni. Kidonge cha kutoa maji. Mtu anakimeza kila asubuhi, halafu maji yanatokea wapi, kama haendi?

Alijua ni lini mstari ulianza kushuka. Ilikuwa siku moja baada ya simu ya Baba Mdogo.

Angeweza kunyamaza. Rekodi zilikuwa za Meneja, mfumo ulikuwa wa Meneja, na kama kosa lingekuwa la dawa, hakuna ambaye angemuuliza yeye alikuwa wapi. Akisema, swali litakalofuata litakuwa lake peke yake: wewe uliyekaa naye nyumba moja, hukuona?

"Hanywi," alisema.

Daktari aliinua kalamu. "Nini?"

"Kidonge cha maji hanywi. Angekuwa anakunywa angekwenda chooni. Tazama hapo."

Daktari akatazama. Akaurudisha mchoro nyuma, akauleta mbele.

"Nani anampa dawa?"

"Kisanduku."

"Nauliza mtu. Nani anasimama naye anapomeza?"

"Zamani mimi," mshonaji alisema. "Sasa hivi hakuna."

Kwenye simu kondakta mmoja alikuwa anaita abiria.

Mkunga alilala ameinuliwa mto, bomba puani. Pumzi ilikuwa imeanza kurudi. Alipomwona binti yake amesimama miguuni pa kitanda na daktari nyuma yake, alijua ameshikwa. Alikuwa amewashika wengi kwa mtindo huo huo.

"Viko wapi?" mshonaji aliuliza.

"Kwenye gauni langu la kazi. Nyuma ya mlango. Mfuko wa kulia."

"Vingapi?"

"Vyote tangu siku ile. Vile vingine vitatu nimekunywa, msije mkasema mimi mjinga."

"Mama, wewe umefanya kazi hospitali miaka arobaini."

"Ndiyo maana nilijua nafanya nini." Alivuta hewa, akasubiri itoshe. "Nilikuwa namwambia kila mzazi, usione haya, mimi ni kama mama yako. Nafunga pazia, nawatoa wanaume wote nje, hata mumewe. Leo mimi nikiamka kwenda kujisaidia, wanaume wanane wanaambiwa. Shemeji yangu anapiga simu kuniuliza. Nikasema basi, nitapunguza. Kile kidude kinataka kifuniko kifunguliwe, nikakifungulia. Hakiangalii mdomoni."

"Mimi ningeangalia."

"Wewe ulinuna," Mkunga alisema. Hakusema kwa ukali. "Nilikungoja siku tatu za mwanzo uje uniambie fungua mdomo. Hukuja."

Daktari aliichana ile karatasi ya dawa kali mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka na kulifunga pazia la kitanda nyuma yake, kwa uangalifu, hadi mwisho wa reli.

Meneja alifika kesho yake mchana, shati limekunjamana, na macho mekundu. Safari nzima alikuwa amefungua programu ile kwa mazoea, akakuta kiti kitupu, na programu imemwandikia kwamba Mama yuko nje kwa matembezi. Mshonaji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa ameupanga neno kwa neno, pamoja na mwalimu mkuu na gagulo lake. Lakini kaka yake aliingia wodini akasimama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuwa amekula.

"Kaa naye," mshonaji alimwambia. "Mimi nina sare za watu." Alisita kidogo, kisha akaongeza, "Sindano zile zinatoa maji. Atahitaji kwenda. Choo kiko mwisho wa korido, hawezi kwenda peke yake."

Meneja alimtazama kama aliyeambiwa aende yeye mwezini. "Nimwite muuguzi?"

"Muuguzi ni mmoja, wagonjwa thelathini. Ita kama utampata."

Aliondoka akiwaacha. Mara ya kwanza, kama Mkunga alivyosimulia baadaye kwa raha zake zote, Meneja alizunguka wodi akimtafuta muuguzi hadi mama yake akamwambia kwamba maji hayangoji kikao. Ikabidi amshike kiunoni. Walitembea korido nzima, taulo mkono mmoja, mama mkono mwingine, hatua moja moja, akimsalimia kila aliyepita ili wasitazame chini. Alisimama nje ya mlango wa choo akiwa ameupa mgongo, akaimba kidogo ili mama asione haya ya kusikika. Hakuwa na sauti nzuri. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisema wimbo huo aliusikia mpaka akauweka kichwani.

Mshonaji aliporudi jioni alimkuta kaka yake amelala kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, na mama yao akimpepea kwa faili. Miguu ya Mkunga, juu ya shuka, ilikuwa imeanza kupata vifundo tena.

Meneja alishtuka, akajifuta uso.

"Amekwenda mara ngapi?" mshonaji aliuliza. Daktari alitaka kujua, na swali lilikuwa la kawaida kabisa.

Meneja alimtazama mama yake, kisha dada yake.

"Nitamwambia daktari," alisema.

Siku ya nne waliruhusiwa. Nyumbani, Meneja alipanda kwenye stuli bila kuambiwa akalitoa jicho la ukumbini, likaacha matundu mawili ambayo alijaribu kuyaziba kwa dawa ya meno. Kamera nayo aliing'oa. Spika Mkunga aliitetea, kwa kuwa ilijua kupiga nyimbo za zamani. Lile kundi la watu kumi na wanne lilikuwa linadai taarifa tangu juzi. Mkunga aliomba simu, akamwamuru Meneja aandike maneno anayomtajia: "Mimi ni mzima. Anayetaka kujua zaidi aje, kiti kipo." Hakuna aliyekuja, isipokuwa yule bwana asiyejulikana, ambaye alijitokeza Jumamosi na kilo mbili za machungwa. Ikagundulika kwamba Mkunga ndiye aliyemzalisha mkewe. Alikaa saa mbili, akaondoka, na bado hakuna aliyelikumbuka jina lake.

Mshonaji alikwenda shuleni kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi mtoro, akaomba radhi. Sare za michezo zilikuwa zimeshapewa fundi mwingine. Gauni la kuagwa lilikuwa bado halijapata mshonaji, na mwalimu mkuu alikubali, kwa sharti kwamba atapimwa ofisini kwake, mlango umefungwa kwa ufunguo. Lilikuwa jambo dogo, lakini alirudi nalo nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka, Meneja alisimama mlangoni na begi begani. Mshonaji alikuwa ameshampa mama yao vidonge vinne na kuangalia, shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya ulimi. Basi lilikuwa la saa tatu. Saa tatu ilikuwa inakaribia, naye hakuondoka.

"Sasa nitajuaje, Mama?" aliuliza. "Nikiwa kule. Nitajuaje uko salama?"

"Utapiga simu uniulize."

"Na wewe utaniambia ukweli?"

Mkunga alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali lilistahili jibu la haki.

"Siku nyingine nitakudanganya," alisema. "Nitasema niko sawa, kumbe mgongo unaniuma. Hivyo ndivyo mama wa watu wote walivyo. Wewe utasikiliza sauti, na ukiona haijakaa vizuri, utampigia dada yako. Naye ukimpigia, usianze na maelekezo. Anza na shikamoo."

"Mimi ndiye mkubwa, Mama. Yeye ndiye wa kuniamkia."

"Najua," alisema Mkunga. "Anza na shikamoo."

Meneja alimgeukia dada yake, aliyekuwa ameshaketi kwenye cherehani na kuinamisha kichwa ili asionekane uso. Alisimama hapo, akiwa na umri wake wote wa miaka hamsini na mbili. Kisha akalisema lile neno, kwa sauti ya chini lakini lote, na mshonaji akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akaitikia marahaba.